Baba Iko Juu

Kitabu cha mwalimu kinasema "yuko". Mungu yuko mbinguni, Mungu yuko mahali pote. Watoto wangu wa darasa la kwanza wanasema "iko", na mimi, baada ya kuwasahihisha asubuhi na kuwasikia wakirudia vilevile mchana, nilisalimu amri. Hapa Uvira kila kitu ni iko: mtu iko, mbuzi iko, umeme hayiko, na Mungu naye iko. Mkaguzi mmoja aliyekuja kunisikiliza alisema lugha yangu ni ya sokoni. Nilimjibu kwamba hata watoto wenyewe wanatoka sokoni, ndiko mama zao wanakowalea. Hakucheka, wala mimi sikuwa natania.

Somo la dini kwa watoto wa miaka sita ni kazi ya mdomo na mikono. Vitabu havitoshi, na hata vingetosha hawajui kusoma. Kwa hiyo mimi nauliza, wao wanajibu. Nasema, "Baba yetu iko wapi?" Wanasimama wima, visigino pamoja, wananyoosha kidole kwenye mabati: "Iko juu!" Tunamuonaka? "Hatumuonake!" Na yeye? "Anatuonaka!" Nina watoto wa misa kutoka familia za bonde la Ruzizi, nina watoto wa Kiprotestanti wa milimani, nina wa yale makanisa ambayo ngoma hazinyamazi, na nina Waislamu wachache wa Kalundu ambao wazazi wao waliniomba nisiwafundishe ishara ya msalaba. Kidole hawakuwa na neno nacho. Kidole ndicho kitu pekee ambacho darasa zima lilikubaliana.

Isipokuwa msichana mmoja. Familia yake ilishuka kutoka Bijombo ikikimbia, na siku ya kwanza nilipouliza Baba iko wapi, yeye alinyoosha kidole dirishani, kwenye mlima. Nikamwambia hapana, juu. Akaniambia ndiyo, juu, kule. Hakukosea hata kidogo. Kwetu sisi wa chini, juu ni kule: viazi vinatoka juu, maziwa yanatoka juu, fulani amepanda juu, na miaka hii yote vita navyo vinashuka kutoka juu. Nikamshika kidole nikakigeuza kuelekea mabati. Baada ya mapumziko kilikuwa kimerudi mlimani, na mimi nikaendelea na somo.

Nayaeleza haya ili mtu asiyetufahamu aelewe neno lile, juu, lilivyobeba mengi siku lilipotamkwa nyumbani kwangu.

Mji ulikuwa umetekwa, umepata wenyewe wengine, na wenyewe wapya walikuwa wanachukua wanaume. Wengine wa kubeba mizigo, wengine wa kwenda kufundishwa silaha, na wengine hatukujua walichukuliwa kwa kazi gani kwa sababu hawakurudi kutueleza. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Ana mabega ambayo mtu akiyaona tu anafikiria mzigo. Walimchukua mara ya kwanza akawatoroka njiani, na tangu hapo hawakuwa wanatafuta mabega tu, walikuwa wanamtafuta yeye, kwa jina.

Uvira haina uani. Mbele una ziwa, mgongoni una mlima, na katikati ni barabara moja. Mpaka wa Kavimvira ulikuwa umefungwa, mitumbwi ilikuwa imekatazwa, na juu hakupandiki, kwa sababu waliokuwa juu walikuwa maadui wa waliokuwa chini, na mtu wa katikati alipigwa na wote wawili. Nimezaliwa hapa na nilikuwa nimeyapenda maji yale maisha yangu yote. Miezi ile niliyachukia. Nilikuwa nikiyatazama asubuhi nikienda shuleni, naona milima ya Burundi ng'ambo, karibu kabisa, na hasira inanipanda.

Basi mume wangu akaingia kwenye plafo, darini. Nyumba yetu ina dari la mbao nyembamba zilizopigiliwa chini ya kenchi, na pembeni, juu ya kabati, ubao mmoja unatoka. Alitandika mbao mbili juu ya kenchi, akalala hapo. Mchana mabati yanawaka, na kati ya mabati na mtu palikuwa na nafasi ya kiwiko tu. Giza likiingia anashuka, anaoga, anakula, ananyoosha miguu, anarudi. Mwanzoni tulicheka. Nilimwambia sasa ameolewa na panya. Baada ya wiki chache hakuna aliyekuwa na hamu ya kuchekesha.

Tuna mtoto mmoja, binti, na mwaka ule alikuwa darasani kwangu, dawati la mbele. Shuleni ananiita Madame kama wenzake, nyumbani mama. Tulimwambia baba amesafiri. Akakubali, kama watoto wanavyokubali, yaani bila kusadiki. Siku moja tunakula akamega bugali yake, akaweka tonge pembeni ya sahani. Nikamuuliza la nani. "Ya baba," akasema, akainua macho kidogo tu, akayashusha. Hatukuongea tena habari hiyo, lakini tonge liliwekwa kila siku.

Hapo ndipo tulipogombana, mimi na mume wangu, yeye juu na mimi nimesimama kwenye kiti, midomo yetu kwenye upenyo wa ule ubao.

"Umufundishe kusema hayiko," alinong'ona.

"Minye nafundishaka religion. Nitamuambia nini? Uongo ni zambi ku masomo, nyumbani ni sawa?"

"Utafundisha religion ukiwa mujane."

"Mutoto ukimufundisha uongo, anautangaza na macho. Atakutazama pale pale."

"Basi asiseme kitu."

"Mutoto wa myaka sita?"

Ugomvi wa kunong'ona ni mateso. Huwezi kupandisha sauti, huwezi kubamiza mlango, huwezi hata kununa vizuri, maana mwenzako haoni uso wako. Sababu yangu ya macho ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwepo nyingine chini yake, na naisema: nilikuwa nimewaambia watoto wa mtaa mzima kwamba kinywa ni cha kweli, na nilishindwa kumwita wangu pembeni nimwambie, isipokuwa wewe. Yeye alinikasirikia kwa kiburi changu, mimi nilimkasirikia kwa woga wake, na mtoto akabaki hivyo, hajaambiwa aseme nini.

Halafu shule zilizokuwa zimefungwa kwa vita zikaamriwa zifunguliwe. Nilitamani kubaki nyumbani, lakini mwalimu asiyeonekana anaulizwa yuko wapi, na swali la nani yuko wapi ndilo nililokuwa nalikimbia. Kila asubuhi nilifunga mlango kwa nje, namfungia mume wangu, nashika mkono wa binti yangu, naenda kufundisha habari za Mungu. Mpango wa masomo ulikuwa umefika kwenye somo la ukweli. Nikaurudisha nyuma kwenye uumbaji. Tukaumba nyota, tukaumba samaki, tukaumba ndege, tukaanza tena. Nilikuwa natazama lile dawati la mbele na siwezi kufungua mdomo kusema usidanganye.

Mkuu wetu wa shule ni mwanamume mpole asiyesahau kitu. Akasimama mlangoni akasikiliza watoto wakitaja wanyama.

"Madame, munabakia ku wanyama tu?"

"Hawajashika vizuri, Monsieur le directeur."

"Wiki yenye kuja, muingie mu ukweli."

Nikasema sawa.

Walikuja kabla ya hiyo wiki, alasiri, saa ambayo mabati yanalia kwa joto. Mlango ulikuwa wazi, kwa sababu mlango uliofungwa mchana wenye nyumba wakiwa ndani unaita macho. Nilikuwa nachambua ndagala, visamaki vya ziwani, kwenye sinia, natoa mchanga, na binti yangu ameketi chini anachora sakafuni kwa mkaa. Walikuwa wawili. Mmoja alibaki mlangoni na bunduki, mwingine akaingia, akasalimia vizuri, akamuulizia mume wangu kwa jina lake kamili. Upole wake ndio ulionimaliza. Mtu mzima, ninayepiga kelele kutwa nzima mbele ya darasa, sikupata hata neno moja. Akaliona hilo. Akaniacha, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Katoto, baba iko wapi?"

Binti yangu alisimama. Alisimama kama ninavyowafundisha, visigino pamoja, na kidole chake chenye mkaa kikapanda juu, moja kwa moja, hadi kwenye ubao ambao baba yake alikuwa ameulalia.

"Baba iko juu."

Yule mtu akafuata kidole, akatazama plafo. Nilitazama chini, nikazishika zile ndagala kwa mikono yote miwili.

Wa mlangoni ndiye aliyesema. "Juu ku milima? Iko Bijombo?"

Nikajua tumekwisha kwa njia zote mbili. Juu ya plafo ni mume wangu anashushwa mbele yetu. Juu ya milima ni mume adui, na mke wa adui, na nyumba ya adui. Mtoto wangu alikuwa amesema neno moja na maana zake zote zilikuwa zinaua.

"Hapana," binti yangu akasema, kwa uvumilivu wa mwanafunzi anayejua jibu na mwenzake halijui. "Juu. Hatumuonake. Yeye anatuonaka."

Na ilikuwa kweli. Kati ya mbao palikuwa na ufa, na mume wangu alikuwa ameuwekea jicho, anatuona sote wanne.

Yule aliyechuchumaa akasimama polepole. Akavua kofia. Akaniuliza, siyo kwa ukali, "Alikufa?"

Nililia. Sikupanga. Hofu yote ya miezi ile ilinitoka kwa macho na pua, nikalia mpaka sinia likapinduka, na kilio kile kikamjibu vizuri kuliko mimi ningeweza. "Pole sana, mama," akasema. "Mutusamehe." Wakatoka. Binti yangu akaketi, akaendelea kuchora. Tone likadondoka kutoka plafo, likaanguka kwenye ndagala, na sikuuliza kama ni jasho.

Baadaye nilimuuliza mtoto kama alijua anachokifanya. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza tena kwa ukali.

"Aliuliza baba iko wapi," akasema. "Minye nikajibu."

Mpaka leo sina zaidi ya hilo.

Nilidhani tumepona. Lakini yule askari, akitoka, alimwambia jirani yetu wa ng'ambo ya njia: mbona hamukutuambia kama ule mama ni mujane? Jua halijazama, wanawake wakaingia kwangu na mikeka na kuni. Jirani mwenyewe alitangulia, mama mzee aliyewazika wengi.

"Weye mama," akaniambia, "bwana anakufa na unanyamaza?"

Ningefanya nini? Ningesema hapana, hajafa, habari ingefika kwa waliovua kofia kabla ya chakula cha jioni. Nikaketi kwenye mkeka. Wakanifunga kitambaa cheusi kichwani. Wakauliza mwili uko wapi, nikasema haukupatikana, na hapo wakalia zaidi. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alitoka Mulongwe akipiga mayowe tangu barabarani, akaja kujigaragaza pale pale sakafuni chini ya ubao. Akamwita ndugu yake kwa majina yote ya utotoni. Mimi nilikuwa namshika mabega na sikuweza kumwambia, mbele ya macho yale yote, inua kichwa tu, mama, iko hapa. Hilo liliniuma kuliko bunduki.

Katikati ya kilio, plafo ikakohoa.

Kikohozi kifupi, kimebanwa, lakini kikohozi cha mwanaume. Jirani yule mzee, ambaye ukuta wake na wetu umetenganishwa na ile njia tu, upana wa mtu, hakuinua hata nyusi. Alianza wimbo wa kanisa kwa sauti ya kupasua kioo, akapiga makofi, akawalazimisha wote waitikie, na kila kilipokuja kikohozi kingine yeye alipandisha ubeti. Aliimba mpaka sauti ikamkauka. Wakati wa kuondoka akanishika mkono akasema tu kwamba vumbi la nyumba hii ni baya, nitafute asali. Kumbe alijua muda wote, na miezi yote nilikuwa namwona mbea.

Walipotoka, mume wangu alishuka. Alitaka kucheka. "Ginsi wanasema, minye nilikuwa muntu muzuri sana," akasema. "Hawakuniambiaka hata siku moja." Halafu akaketi kwenye mkeka wa msiba wake akaanza kumlilia dada yake, kwa mkono mdomoni.

Shuleni mkuu aliwaambia watoto wamwombee baba wa mwenzao. Walisimama wote, visigino pamoja, wakanyoosha vidole. Binti yangu naye alinyoosha. Wiki iliyofuata niliingia kwenye somo la ukweli kama nilivyoagizwa, nimevaa nguo nyeusi za mume aliye hai. Niliuliza uongo ni nini. Wakajibu vizuri: kuiba sukari na kusema ni panya, kujikojolea na kusema ni mvua. Walicheka sana. Nikawaambia Mungu anapenda kinywa cha kweli, nikageuka kuelekea ubaoni, nikafuta ubao ambao haukuwa na maandishi. Sijawahi kujisikia nimefungwa kama dakika ile, na mlango wa darasa ulikuwa wazi.

Neno lile la mtoto, hata hivyo, lilifanya kazi ambayo sisi wawili hatukuweza. Maiti haitafutwi. Hawakurudi kumuulizia. Mitumbwi iliporuhusiwa tena kwa wanawake wauza ndagala, jirani yangu mzee akazungumza na wenzake wa sokoni, na alfajiri moja mume wangu alitoka nyumbani amejifunga vitenge viwili kama mwanamke, beseni kichwani. Alitembea vibaya mno. Nilisimama mlangoni namtazama yale mabega yakiyumba chini ya kitenge, nikamwomba Mungu awape askari usingizi, na Mungu akawapa. Akafika ng'ambo. Mimi nikabaki mjane, kwa sababu mji haukuwa umebadilika, na mjane akivua nyeusi mapema anaulizwa.

Binti yangu hakulia. Alikula bugali yake yote siku ile, hakubakiza tonge. Nikashukuru kwamba mtoto amepona haraka. Nilifundisha, nilipika, nilinyamaza, na nilijiambia kwamba uongo wote nimeubeba mimi, yeye hajasema hata mmoja. Usiku wa wasiwasi nilikuwa nayarudia maneno hayo, hajasema hata mmoja, na yalinituliza.

Mtandao wa simu uliporudi, mume wangu alipiga. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nikafunga mlango wa jikoni, tukaongea kwa kunong'ona kwa mazoea, ingawa yeye huko alikuwa anaweza kupaza sauti. Alikuwa kambini, amelala chini, anaona mbingu. Akasema anataka kumsikia mtoto.

Nilimwita. Nikapiga magoti, nikamwekea simu sikioni kwa mkono wangu, shavu langu kwenye shavu lake ili na mimi nisikie. Baba yake akamsalimia, akamwita mama, kama anavyomwitaga, kwa sababu mtoto alipewa jina la bibi yake mzaa baba. Akamuuliza kama anakula. Akamuuliza masomo. Binti yangu alijibu ndiyo, ndiyo. Mazungumzo yakaishiwa, na mume wangu, ili tu asikate, akauliza kitu ambacho kila baba anauliza kwenye simu.

"Na mama iko?"

Binti yangu aligeuza uso akanitazama. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliisikia pumzi yake mdomoni mwangu.

"Hayiko," akasema.

Nilingoja acheke. Nilingoja amsahihishe, maana mimi, mwalimu wa ukweli, sikuwa tena na haki ya kumsahihisha.

"Muzuri, mama," baba yake akasema hatimaye, sauti imempasuka. "Ulijibu muzuri."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, ameridhika, macho yake bado kwangu. Na mimi niliyeshika simu nikabana pumzi, ili nisisikike.